Baina ya Dawa na Dawa: Saratani ya Tezi Dume na Wagonjwa wa Visiwani

Saratani ya tezi dume ikishatoka katika tezi na kuingia mifupani haiponi. Maneno haya ni mazito, na jamaa za mgonjwa aghalabu humwomba daktari asiyatamke mbele ya mzee. Lakini wakinyamazia hayo, husahauliwa pia nusu ya pili ya ukweli: kwamba saratani hiyo hiyo isiyopona hutulizika, na aliyepatwa nayo anaweza kuishi miaka kadhaa akilima shamba lake, akikaa barazani na wenziwe na kuhudhuria arusi za wajukuu wake. Haishi hivyo kwa dawa moja. Huishi kwa kuhamishwa kutoka dawa hii hadi ile, kila moja ikimfikisha mahali fulani kisha ikaishiwa nguvu. Kwa watu wa visiwa hivi hatari iliyo kubwa imo baina ya dawa na dawa, katika zile wiki na miezi ambamo ya kwanza imekwisha kushindwa na ya pili haijaanza.

Wagonjwa wenyewe si wachache. Tume ya wataalamu iliyokusanywa na jarida la udaktari la Uingereza, Lancet, ilikadiria mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya wa saratani hii duniani, waliokuwa milioni 1.4 mwaka 2020, watafikia milioni 2.9 mwaka 2040, na kwamba ongezeko litazilemea zaidi nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Huko Marekani, ambako hesabu za vifo huwekwa kwa uangalifu, wanaume wenye asili ya Afrika hufa kwa maradhi haya kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wazungu. Hapa petu wengi hufika hospitali saratani ikiwa imekwisha kusambaa. Mzee ameumwa na kiuno, akadhani ni uzee au baridi yabisi, akachuliwa kwa mafuta, akapigwa chuku, na siku alipopelekwa kwa daktari mkojo umekwisha kuziba. Makala haya hayakusudii kuwalaumu waliochelewa. Yanamzungumzia yule ambaye amekwisha kufika, amekwisha kuambiwa, na sasa ana safari mbele yake.

Hatua ya kwanza ya safari hiyo imejulikana tangu mwaka 1941. Katika mwaka huo Charles Huggins, daktari mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na mwenziwe Clarence Hodges, walionyesha kwamba saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume iitwayo testosteroni, ambayo sehemu yake kubwa hutengenezwa katika korodani. Korodani zikiondolewa, au mgonjwa akipewa homoni ya kike, saratani hunywea na maumivu ya mifupa hupungua. Kwa ugunduzi huo Huggins alitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1966. Baadaye wataalamu, akiwamo Andrew Schally aliyetunukiwa nishani hiyo hiyo mwaka 1977, waliifumbua homoni ya ubongoni inayoziamrisha korodani kufanya kazi, na kutokana na elimu hiyo zikapatikana sindano za goserelini na leuprorelini ambazo huzinyamazisha korodani bila ya kisu. Zaidi ya miaka 80 imepita tangu kazi ya Huggins, na bado kila tiba inayofuata hujengwa juu ya msingi huo.

Hapa mgonjwa huwekwa mbele ya uchaguzi: upasuaji au sindano. Jambo hili halizungumzwi vya kutosha, kwa sababu linagusa haya. Upasuaji wa kuondoa korodani ni mdogo, hufanywa mara moja tu, gharama yake si kubwa, na testosteroni huteremka katika muda wa saa chache. Sindano huhitaji wiki mbili hadi nne kuifikisha homoni chini, na hapana budi irudiwe kila siku 28, au kila miezi 3 kwa zile za muda mrefu, maisha yote. Kwa kuzuia saratani njia hizi mbili hulingana. Wanaume wengi hukataa upasuaji kwa kuwa wanaona utawaondolea uanaume wao. Wenye fikra hiyo wanapaswa kuelezwa waziwazi kwamba hamu ya ndoa huondoka kwa sindano kama inavyoondoka kwa kisu, kwani inayoondoa hamu ni kukosekana kwa homoni. Tofauti ni kwamba sindano ikiachwa homoni huweza kurudi, na mwili hubaki kamili machoni pa mwenyewe. Hiyo ni haki ya mtu na hapana wa kumlaumu akiichagua. Ila mwenye kukaa Kojani au Tumbatu, ambaye kwa kila sindano hana budi kuvuka maji, na ambaye sindano yenyewe huenda leo ikawapo na kesho isiwepo, afikiri mara mbili. Yeye hapimi haya peke yake. Anapima pia idadi ya safari, nauli, na hali ya bahari wakati wa kusi. Mkewe naye ashirikishwe katika shauri hili, maana mabadiliko yatakuwa ya nyumba nzima.

Sindano ina hila moja zaidi. Kabla ya kuzinyamazisha korodani huzichochea kwanza, na kwa wiki moja au mbili testosteroni hupanda badala ya kushuka. Kwa mtu ambaye saratani imeukaribia ugwe mgongo, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani ya uti wa mgongo, siku hizo chache zinaweza kumpoozesha miguu. Kwa hiyo mgonjwa hupewa kwanza vidonge vya kuziba, kama bikalutamaidi, na sindano hufuata vikiwa vimekwisha kuanza kufanya kazi. Akipewa sindano tupu kwa sababu vidonge havikuwapo dukani, hapo huwa ametiwa hatarini na tiba yenyewe.

Sasa tuseme mambo yamekwenda vizuri. Kipimo cha damu kiitwacho PSA, ambacho hupima protini itolewayo na tezi dume, kilikuwa mamia na sasa kimeshuka mpaka chini ya 4. Mzee anatembea na anakula. Mwaka unapita, au miwili, au mitatu. Kisha PSA inaanza kupanda. Jamaa wanaambiwa dawa imeshindwa.

Je, kweli imeshindwa? Swali hili ndilo la kwanza, na mara nyingi haliulizwi. Saratani haihesabiwi kuwa imeishinda hatua ya kwanza mpaka testosteroni ipimwe na kuonekana iko chini ya nanogramu 50 kwa desilita moja ya damu. Ikiwa iko juu, saratani haijashinda kitu. Ni sindano iliyokosekana, au iliyochelewa wiki sita, au iliyochomwa vibaya. Mtu wa namna hii hahitaji dawa mpya ya thamani kubwa, bali sindano yake ile ile kwa wakati wake, au upasuaji. Kipimo hiki hutumia damu kidogo tu ya mkononi. Kumhamisha mgonjwa bila ya kukifanya ni kutumia akiba ya pili ilhali ya kwanza haijaguswa, na akiba zenyewe, kama tutakavyoona, si nyingi.

Testosteroni ikiwa iko chini kweli, na PSA inazidi kupanda, basi saratani imejifunza. Imeongeza milango ya kupokea homoni, au imeanza kujitengenezea homoni yake yenyewe, au inatumia ile kidogo itokayo katika tezi zilizo juu ya mafigo. Kwa miaka mingi madaktari hawakuwa na la kufanya hapo isipokuwa kupunguza maumivu. Mabadiliko yalikuja mwaka 2004, ilipothibitishwa kwa uchunguzi wa wanaume 1,006 kwamba dosetakseli, dawa ya kemikali itiwayo mshipani kila wiki 3, huongeza maisha: wastani wa miezi 18.9, kulinganisha na 16.5 kwa dawa iliyotangulia. Wengine huona hesabu hiyo ni ndogo. Wakumbuke kwamba wastani huficha watu wa aina mbili, yule aliyepata mwezi mmoja na yule aliyepata miaka mitatu. Mwaka 2011 ilifuata abirateroni, vidonge vinavyouzima utengenezaji wa homoni popote ulipo mwilini. Waliokwisha kushindwa na dosetakseli waliishi wastani wa miezi 14.8 badala ya 10.9. Mwaka 2012 ikaja enzalutamaidi, ambayo huuziba mlango wenyewe wa kupokelea homoni.

Jambo moja hukosewa mara kwa mara katika kuhama huku. Tiba mpya inapoanza, ile ya kwanza haiachwi. Aliyekuwa akichomwa sindano ya kunyamazisha korodani huendelea nayo huku akimeza abirateroni au akitiwa dosetakseli. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa imeambiwa "imeshindwa" basi imekwisha kazi, na huiacha ili kupunguza nauli. Wakiiacha homoni huinuka, na dawa mpya hupambana na adui aliyeongezewa chakula.

Ipo pia habari ya mpangilio. Abirateroni na enzalutamaidi ni ndugu wawili: njia zao ni mbalimbali lakini nyumba wanayoigonga ni moja. Je, aliyeshindwa na mmoja apewe mwingine? Madaktari wa British Columbia, Kanada, walilichunguza swali hili kwa wagonjwa 202 na kutoa matokeo mwaka 2019. Walioanza na abirateroni kisha wakahamia enzalutamaidi, 36 katika kila 100 walishukwa na PSA kwa thuluthi moja hivi au zaidi. Waliofanya kinyume chake walikuwa 4 tu katika kila 100. Hivyo basi, kumtoa mtu katika enzalutamaidi na kumtia katika abirateroni ni karibu sawa na kutompa kitu, ingawa kwa karatasi za hospitali ataonekana yumo katika tiba. Mwaka huo huo uchunguzi mwingine, uliofanywa Ulaya kwa wanaume 255 waliokwisha kupata dosetakseli na mmoja wa ndugu hao wawili, ambaye naye alikuwa amewashinda katika muda wa mwaka, ulionyesha kwamba waliopewa kabazitakseli, dawa ya kemikali, waliishi wastani wa miezi 13.6, na waliopewa yule ndugu wa pili miezi 11.0. Maana yake kwa daktari wa kwetu si ngumu: mgonjwa akishindwa upesi na ndugu mmoja, na mwili wake una nguvu, afadhali abadilishiwe aina ya dawa kuliko kubadilishiwa jina lake.

Tangu mwaka 2015 mambo yamesogea mbele zaidi. Ilionekana, kwa uchunguzi wa wanaume 790 huko Marekani, kwamba dosetakseli ikitiwa mwanzoni kabisa, pamoja na kunyamazisha korodani, wastani wa maisha hufikia miezi 57.6 kulinganisha na 44.0, na faida iliwaendea hasa wale ambao saratani ilikuwa imesambaa sana. Mwaka 2017 ikadhihirika vivyo hivyo kwa abirateroni. Kwa hiyo siku hizi mgonjwa mwenye nguvu hasubiri mpaka hatua ya kwanza ishindwe; hupewa mbili kwa pamoja. Zipo na tiba nyingine, kama vile zile za chembe za mionzi ya luteti zilizothibitishwa mwaka 2021, na vidonge vya olaparibu kwa wenye kasoro fulani ya kurithi, lakini kwa gharama zake tuziache kwa leo.

Lini hasa mtu ahamishwe? Hapa tunawaomba jamaa za wagonjwa wasikilize, maana wao ndio wenye kumhimiza daktari. PSA moja iliyopanda si amri ya kuhama. Katika wiki za mwanzo za dosetakseli PSA huweza kupanda kabla ya kushuka, na picha ya mifupa huweza kuonyesha madoa mengi zaidi kwa sababu mifupa inajiponya. Ndiyo maana madaktari huvumilia takriban wiki 12 kabla ya kuihukumu dawa. Hutazama mambo matatu: PSA, picha, na hali ya mtu mwenyewe, yaani maumivu yake, uzito wake na nguvu zake. Mawili kati ya hayo yakiharibika, huhama. Kuhama mapema ni kutupa dawa ambayo ingalikuwa na kazi. Kuchelewa ni kumfikisha mtu katika dawa inayofuata akiwa hana nguvu za kuibeba. Dosetakseli hasa haimfai aliyekwisha kulala kitandani. Wapo wanaokosa dawa hiyo kwa sababu tu barua ya kuwahamisha ilikaa mezani mpaka miguu ikaisha nguvu.

Barua ndiyo inayotufikisha kwa wakuu wa serikali. Katika nchi kavu mgonjwa huhama kutoka dawa hadi dawa akiwa katika jengo lile lile. Kwetu, kuhama dawa mara nyingi ni kuhama mahali. Mchukue mzee wa Micheweni. Damu yake itachukuliwa Wete au Chake Chake. Daktari wa upasuaji atamwona Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, au atavuka mpaka Mnazi Mmoja. Na kwa ajili ya mionzi watu wa visiwa hivi kwa miaka mingi wamekuwa wakivuka tena mpaka Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996 katika majengo ambayo Wajerumani waliyajenga mwishoni mwa karne ya 19. Kila anapofika hukutana na daktari mpya, na kila daktari mpya huuliza yaliyopita. Mzee hujibu kadiri anavyokumbuka: alipewa vidonge vyeupe, akachomwa sindano ya tumboni, mara ngapi hana hakika. Daktari, asipate pa kushika, huanza upya. Hupima tena, husubiri tena, na pengine huandika ile ile dawa iliyokwisha kushindwa.

Dawa ya jambo hili si ya kuagizwa ng'ambo. Ni daftari dogo, au kadi kama ile ya kliniki ya watoto, ambayo mgonjwa hutembea nayo. Iandikwe humo siku aliyogunduliwa. PSA ya kwanza, ya chini kabisa aliyowahi kufika, na ya mwisho. Testosteroni na tarehe yake. Kila sindano na siku iliyochomwa. Kila dawa, siku iliyoanza, siku iliyokoma, na sababu ya kukoma. Hiyo sababu ndiyo muhimu kuliko yote. Dawa iliyoachwa kwa sababu saratani imeishinda hairudiwi, lakini dawa iliyoachwa kwa sababu ilikwisha ghalani bado ni akiba. Bila ya neno hilo moja kuandikwa, daktari wa ng'ambo ya maji hawezi kuzipambanua mbili hizi. Wizara ina wapiga chapa. Kadi elfu moja si mzigo kwake.

Mgonjwa naye ana wajibu wake, na hapa yapo mambo mawili yaliyokwisha kuleta madhara. Abirateroni hufuatana na kidonge kidogo cha prednisoloni. Wengine hukidharau kwa udogo wake na kukiacha. Kikiachwa peke yake, shinikizo la damu hupanda na chumvi ya potasi hupungua mwilini mpaka moyo ukaenda mbio. Na aliyekitumia kwa miezi mingi akikatishwa ghafla, kwa mfano kwa kukwama bila ya dawa upande wa pili wa bahari, anaweza kuzirai na hata kufa. Anayesafiri achukue akiba kwa siku zaidi ya zile anazozihesabu. Jambo la pili ni chakula. Abirateroni kwa kipimo chake cha kawaida humezwa tumbo likiwa tupu: saa mbili zipite baada ya kula, na saa moja ipite kabla ya kula tena. Akiimeza pamoja na chakula, hasa chenye mafuta, huingia mwilini nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Katika mwezi wa Ramadhani mwenye kufunga asiimeze pamoja na tende na uji wa futari. Ama aimeze kwa maji wakati wa kufuturu na kukiahirisha chakula kwa saa nzima, ama apange na daktari wake saa nyingine ya usiku. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga inajulikana, na hatuna haja ya kuwafundisha mashekhe kazi yao.

Habari hiyo hiyo ya chakula ina faida kwa mwenye kushika fungu la fedha. Mwaka 2018 madaktari wa Chicago walitangaza uchunguzi wa wagonjwa 72: nusu walipewa vidonge vinne vya abirateroni kwa tumbo tupu, na nusu kidonge kimoja pamoja na kifungua kinywa chepesi. PSA ilishuka kwa wote wawili bila ya kundi la kidonge kimoja kuachwa nyuma. Wagonjwa 72 si wengi, na kazi hiyo haikupima urefu wa maisha; wala mtu asijipunguzie dozi nyumbani kwa kusoma gazeti. Lakini wataalamu wa Wizara wanaweza kulitazama. Wagonjwa 10 kwa kipimo cha kawaida humaliza vidonge 14,600 kwa mwaka. Kwa kipimo kidogo humaliza 3,650. Abirateroni imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2019, na tangu mwishoni mwa 2018, ilipoanza kuuzwa Marekani ikitengenezwa na viwanda vingi, si tena mali ya kiwanda kimoja. Kwa hiyo neno "ghali" lisitumike kulifunga shauri kabla ya bei ya leo kuulizwa.

Linalotushughulisha kuliko bei ni mfululizo. Afadhali kununuliwa dawa mbili tu za saratani hii zisizokatika kuliko kununuliwa tano zinazopatikana mwezi na kukosekana miezi miwili. Ghala la Unguja na la Pemba yawe na akiba ya kila kisiwa mbalimbali, maana mgonjwa wa Wete hafaidiki na sindano iliyoko Unguja siku ambazo vyombo vimezuiwa kwa ajili ya upepo. Vipimo vya PSA na testosteroni vipatikane katika visiwa vyote viwili. Na mgonjwa anayevushwa kwa tiba avushwe pamoja na mtu wake mmoja. Mzee wa miaka 70 aliyetiwa dawa ya kemikali hawezi kuachwa peke yake gatini akitapika.

Kuna hali moja isiyongoja barua wala kadi. Mwenye saratani hii akipata maumivu mapya ya mgongo yanayozidi usiku au anapokohoa, kisha miguu ikaanza kulegea, au akahisi ganzi mapajani na makalioni, au mkojo ukakatika, ugwe mgongo unabanwa. Hiyo ni dharura ya saa, haingoji wiki. Atiwe dawa ya deksamethasoni palepale alipo na apelekwe penye picha na mionzi. Anayepata tiba angali akitembea aghalabu hubaki akitembea. Aliyekwisha kupooza kwa siku mbili, tatu, aghalabu harudi. Kila muuguzi wa kituo cha afya, Makunduchi hata Konde, apaswa kuijua dalili hiyo, na awe na mamlaka ya kupiga simu moja tu, si tatu, ili mgonjwa aondoke. Ikiwa boti ya mwisho imekwisha kuondoka, ijulikane kabla ya siku hiyo ni chombo gani kitatumika.

Hufika siku ambapo hapana dawa ya kuhamia. Madaktari wetu wengi ni wazito wa kulisema hili, na kwa huruma yao huandika dawa nyingine ambayo wao wenyewe hawaitumaini, na watoto huuza mkarafuu au kiwanja kuinunua. Huko nako ni kuhama, ila ni kuhama kuelekea katika utulivu wa mwili, nako kuna elimu yake. Mfupa unaouma hutulizwa kwa mionzi ya mara moja tu, ya kipimo cha grei 8, na kwa maumivu hufaa sawa na ile ya siku kumi. Mgonjwa wa visiwani, ambaye kila siku ya kukaa Dar es Salaam ni gharama, aulizie hiyo. Na maumivu yaliyobaki hutulizwa kwa mofini ya kunywa. Uganda, ambako hospisi ya kwanza ilianzishwa mwaka 1993, mofini ya maji hutengenezwa nchini na hutolewa bure kwa wagonjwa wanaoihitaji, na tangu mwaka 2004 sheria imewaruhusu wauguzi na waganga wasaidizi waliofunzwa kuiandika, ili mtu wa kijijini asimngoje daktari wa mjini. Chupa yake haihitaji barafu wala mashine. Inahitaji mtu mwenye idhini ya kutia saini aliye karibu na nyumba ya mgonjwa, na katika kisiwa cha Pemba watu wa namna hiyo wanaweza kuhesabiwa, kufunzwa na kuandikishwa kabla ya bajeti ijayo kusomwa.